Walichokula Trauti wa Kona ya Dufresne

Orrin Skaar aliendesha greda la kusukuma theluji kwa miaka thelathini na minne, na watu wa mji wetu walipenda kusema kwamba anaweza kuzipita barabara zote za kaunti akiwa amefumba macho. Ilikuwa sifa. Mwaka ninaousimulia, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, daktari wa macho kule mjini Billings alimwambia kwamba kitovu cha kuona kinakufa katika macho yake yote mawili. Pembeni ataendelea kuona. Katikati patakuwa na doa, na doa litazidi kupanuka. Tangu hapo sikumsikia mtu akiirudia ile sifa.

Alitupa habari hiyo jikoni kwake, mimi na Clete Marchetti, huku akitukatia mkate. Alikata kwa mikono miwili, ameegemea kisu kwa uzito wake wote.

"Hilo doa liko wapi?" Clete aliuliza. Clete ni fundi bomba, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu.

"Liko popote ninapotazama. Nikikutazama wewe, masikio yapo, uso haupo."

"Afadhali. Miaka yote hii nimekuwa nakuonea huruma, mzee wangu."

Orrin alicheka, kisha akaweka kisu chini. "Sikilizeni. Mwakani sitaweza kumwona nzi juu ya maji. Nimebakiwa na majira haya ya joto tu. Sitaki samaki mkubwa, sitaki picha ya ukutani. Nataka kujua wale samaki wa Kona ya Dufresne wanakula nini. Basi."

Nzi tunaovulia ni ndoana ndogo, mara nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, zilizovishwa unyoya na uzi mpaka zifanane na mdudu fulani. Trauti, samaki wa mto wetu, ni mchaguzi. Jioni akiamua kula mdudu wa kijivu, ukimletea wa kahawia atamwacha apite kama watu wawili waliogombana wanavyopishana dukani. Kwa hiyo nusu ya uvuvi wetu ni kuchutama kando ya mto Tansy na kutazama nini kinaelea, nini kinaruka, nini kinazama. Orrin alikuwa bora kuliko sisi wote katika kutazama. Alikuwa na wavu mdogo wa pazia aliouwamba kwenye vijiti viwili. Aliusimamisha katikati ya mkondo, akauinua, akahesabu vilivyonasa. Mimi niliandika. Nina madaftari ya mto tangu nimalize shule: tarehe, saa, joto la maji, wadudu waliopatikana, nzi waliojaribiwa. Ndiyo maana wananiita Karani.

Kila kona ya mto ule tuliielewa, isipokuwa moja. Pale Kona ya Dufresne, karibu saa moja na nusu jioni, jua likiwa bado juu ya milima, maana kwetu majira ya joto huchelewa kutua, pua za samaki zilianza kutokeza moja baada ya nyingine, kumi, kumi na tano, zikinywa kitu tusichokiona. Wadudu halisi walipita juu ya vichwa vyao wasiguswe. Nzi wetu pia. Dakika ishirini hivi, kisha maji yakatulia kama bakuli. Zamani samaki wa pale walikuwa kama wengine. Jambo hili lilianza miaka kumi na mmoja nyuma, majira ya joto ya kwanza baada ya Marit, mkewe Orrin, kufariki, na Orrin hakulisahau hata wakati wa theluji. Unakutana naye posta mwezi wa Januari, anakwambia, "Labda ni mayai ya mdudu, siyo mdudu mwenyewe."

Kona ile imo ndani ya shamba la Bi Verna Dufresne, mjane wa miaka themanini na miwili. Sheria inamruhusu mtu kutembea ndani ya mto popote apendapo, lakini kwetu unabisha hodi kwanza, na huendi mikono mitupu. Wengine hupeleka wiski, wengine jemu ya matunda ya msituni. Orrin alipeleka mkate. Kila Jumamosi saa sita mchana, kuanzia Juni hadi Septemba, alisimama barazani kwa Bi Verna akiwa ameufunga kwa kitambaa cha jikoni, akavua kofia, akasema, "Naomba mto, Bi Verna," naye akajibu, "Mto ni wako, Orrin, mpaka kwenye uzio." Kuupita uzio kwa njia ya mto, kwenda juu kwenye nyumba, hatukwenda hata siku moja. Hapakuwa na katazo. Ila mtu havui chini ya dirisha la jiko la mwenzake.

Kuhusu mkate ule, inafaa niseme ukweli. Marit alikuwa na chachu kwenye mtungi wa kioo, iliyotoka kwa bibi yake, na bibi aliitoa Norwe akiwa ameikumbatia kwenye meli. Siku ya tatu baada ya mazishi Orrin aliukuta mtungi umeanza kunuka, akaogopa, akatia unga na maji, na akakaa kuutazama mpaka ulipotoa mapovu. Tangu siku hiyo hakuruhusu ile chachu ife. Na chachu ikiwa hai lazima uitumie, kwa hiyo akaoka, na akagawa. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumwambia ulivyo mgumu. Mgeni mmoja wa kanisani alivunjika jino, akasema ni karanga. Ungemwambiaje mtu ambaye kila akikukabidhi alisema, "Huu ni wa Marit"?

Juni ilipita. Tulikwenda konani karibu kila jioni, watatu pamoja au wawili wawili. Orrin alifunga nzi wapya kila usiku akitumia kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa mkanda, na Clete alimwambia anafanana na fundi saa aliyepotea njia. Alijaribu sisimizi, mbawakawa, viwavi wa kijani wanaoanguka kutoka kwenye mierebi. Katika daftari nimeandika nzi sitini na watatu. Baadhi yao walikuwa wadogo kiasi kwamba ilibidi mimi nimpitishie uzi kwenye tundu, naye akageuza uso kando, kama ndege, anione kwa pembeni.

"Unapitisha uzi au unashona suruali?" aliniuliza.

"Tulia, mzee. Mkono wako ndio unaotikisika."

"Mkono wangu hautikisiki. Mto ndio unatikisika."

Wavu haukutusaidia. Uliinuka na vitu vya kawaida: mabawa, maganda ya wadudu, majani, na ile pamba nyeupe ya miti ya popla ambayo kila mwaka hufunika maji kama manyoya ya mto wa kulalia uliopasuka. Orrin alikuwa na kanuni yake: "Tunatafuta chenye miguu." Kisichokuwa na miguu alikipangusa kwa kidole, kikarudi majini. Mimi niliandika tu, "pamba ya popla", nikapiga mstari.

Katikati ya Julai Clete alichoka. Tulikuwa tumekaa ukingoni tunakula nyama kavu ya kulungu, pua zikitokeza mbele yetu kama zinatucheka.

"Mimi nina dawa," alisema. "Tumkamate mmoja kwa nyungunyungu wa kawaida, tumpasue tumbo, tuone. Dakika mbili. Orrin analala usingizi, Karani anafunga daftari, mimi narudi kuvua kama watu wenye akili."

"Hapana," alisema Orrin.

"Samaki mmoja tu!"

"Huwezi kumuuliza mtu swali kwa kumpasua. Miaka ishirini na tano hatujaua samaki kwenye mto huu. Siwezi kuanza na hawa, ati kwa sababu wamenizidi akili."

"Basi utakufa hujui."

"Kufa si tatizo. Tatizo ni mwakani nikiwa hai, nimekaa barazani, sioni, na bado sijui." Alisema polepole, na Clete akaacha kutafuna.

Nilikuja kuliona jambo lenyewe kwa sababu ya mvua. Siku mbili za Agosti hatukuweza kutoka, nikaamua kunakili kumbukumbu za Kona ya Dufresne kwenye daftari moja safi, nimpe Orrin zawadi, niandike kwa herufi kubwa aweze kusoma. Wakati wa kunakili nilifungua kalenda, niweke na majina ya siku. Juni ishirini na tisa, samaki wametokeza: Jumamosi. Thelathini: Jumapili. Julai mosi: Jumatatu. Julai nne na tano, hakuna kitu. Sita, saba, nane: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nikachukua daftari la mwaka uliotangulia, na la kabla yake. Jumamosi samaki wengi. Jumapili wengi. Jumatatu wachache. Mara mojamoja Jumanne. Alhamisi na Ijumaa, katika miaka kumi na mmoja, hapakuwa na pua hata moja.

Mdudu hajui Jumapili.

Halafu nikaliona la pili. Agosti tatu, nimeandika: "pamba ya popla, kidogo." Agosti kumi: "pamba ya popla." Mwaka jana, Agosti ishirini na tano: "pamba ya popla." Kwa mwandiko wangu mwenyewe, nadhifu, na mstari chini. Kila mtoto wa bonde letu anajua kwamba popla humaliza kumwaga pamba wiki ya kwanza ya Julai.

Niliwapigia simu wote wawili. Orrin akasema, "Soma tena zile siku." Nilizisoma. "Basi si kitu cha mto," alisema. "Ni kitu cha mtu. Kinatoka juu ya uzio."

Jumamosi iliyofuata, Agosti kumi na saba, alipeleka mkate kama kawaida, na baada ya kuvua kofia akaongeza ombi: jioni ile tunaweza kupita uzio, bila fimbo za kuvulia, tutazame maji tu? Bi Verna alimtazama, akamtazama Clete, akanitazama mimi na daftari langu. "Kutazama maji," alisema. "Haya. Tazameni." Nilidhani amechoka. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anafikiri ataizuiaje siku ile, na heshima haikumpa njia.

Saa moja na robo tulikuwa tumechutama nyuma ya mierebi, hatua kama mia moja chini ya nyumba. Pale kuna daraja la miguu la mbao, linalotoka mlango wa jikoni kwenda kwenye banda la zamani la kondoo. Maji yalikuwa safi, nyuzi joto kumi na mbili, upepo hakuna. Clete alikuwa amebeba chupa ya kahawa na alikunywa kwa sauti.

"Punguza," nilimnong'oneza.

"Kahawa moto hainyweki kimyakimya. Waulize wenzako."

Saa moja na dakika ishirini na nane mlango wa jikoni ulifunguliwa. Bi Verna alitoka na aproni yake, amekamata pembe zake mbili akaifanya mfuko. Alikwenda mpaka katikati ya daraja, akaegemea ukingo, akatia mkono kwenye aproni, akaanza kutupa.

"Nini hicho?" Orrin aliuliza. Alikuwa amegeuza kichwa kando kama alivyojizoeza. "Naona mkono unakwenda. Anatupa nini?"

Mimi na Clete tulitazamana. Clete aliifunga chupa ya kahawa taratibu sana. Juu ya daraja, kando ya kiwiko cha Bi Verna, palikuwa na kitambaa cha jikoni chenye mistari ya buluu, na kitambaa kile tulikijua.

"Karani," Orrin alisema. "Wewe unaandika unachokiona. Sema."

"Ni mkate, Orrin."

"Mkate gani?"

Chini kidogo, nyuma yetu, tukasikia pua ya kwanza ikinyonya maji.

Orrin alisimama. Alitembea waziwazi kando ya mto, akapanda darajani, nasi tukamfuata kama watu waliokamatwa wakiiba. Bi Verna aliachia aproni, vipande vyote vilivyobaki vikaanguka kwenye mbao.

"Nilijua leo ndiyo leo," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ule wa kwanza, Orrin. Meno yangu si ya kwangu. Niliyalipia, siwezi kuyavunja. Nilimpa mbwa. Mbwa aliuzika. Nikasema, siwezi kuutupa jalalani, ni wa Marit. Nikaupiga nyundo, nikawapa samaki. Wao wanaupenda. Wanaungoja. Wengine nawafahamu."

"Unaupiga nyundo."

"Ndogo tu."

Orrin alitugeukia mimi na Clete. Nyuso zetu hakuziona, lakini masikio yetu aliyaona. "Na nyinyi?"

"Nilikuwa nawapa kuku," nilisema.

"Mimi wangu ninao wote," alisema Clete. "Nikipaki kwenye mteremko naweka mmoja nyuma ya gurudumu. Gari halijawahi kusogea, nakuapia."

Niliona mdomo wa Orrin ukitetemeka na sikujua utaelekea wapi. Aliinama, akapapasa mbao, akaokota kipande, akakitia mdomoni. Alikitafuna. Tulisubiri. Mto ulipita chini ya miguu yetu na tuliendelea kusubiri.

"Mimi nauchovya kwenye supu," alisema hatimaye. "Ndiyo maana. Sijawahi kuula mkavu." Akatafuna tena. "Wa Marit ulikuwa laini."

"Marit alikuwa anaukandia maji ya viazi," alisema Bi Verna. "Anachemsha viazi, maji hamwagi. Na anauacha uumuke usiku kucha."

"Wewe unajua hayo tangu lini?"

"Miaka hamsini. Hukuuliza."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja, na Clete akacheka, na Bi Verna akajifuta macho kwa aproni, na chini kule konani samaki kumi na tano walikuwa wanamalizia chakula chao cha jioni. Miaka kumi na mmoja Orrin alikuwa anawalisha kwa mkono wake mwenyewe, halafu anashangaa mbona hawataki nzi. Baadaye nilimrudisha nyumbani kwa gari. Nilipomshusha alisema tu, "Walikuwa wanaungoja. Umesikia alivyosema? Wanaungoja."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Swali limejibiwa, kitabu kimefungwa. Lakini Jumatatu alinipigia simu asubuhi, akaniambia nije nitazame kitu. Juu ya meza, kwenye kibano chake, palikuwa na nzi ambaye sijawahi kumwona: manyoya meupe ya kulungu, yamekatwa bila mpango, mraba upande mmoja, duara upande mwingine, makubwa kama ukucha wa kidole gumba.

"Huyo mdudu gani?"

"Mkate," alisema.

Clete alipomwona alishika kichwa. "Hapana. Mzee, hapana. Nyani wa bustani ya wanyama ndio wanaotupiwa mkate. Huu si uvuvi wa nzi, huu ni mgahawa."

"Kanuni inasemaje?" Orrin aliuliza. "Mfanyie samaki mfano wa kile anachokula. Anakula nini?"

Clete alivuta kiti, akamchungulia yule nzi kwa kioo cha kukuzia.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa sita mchana, Orrin alisimama barazani na mikate miwili. Mmoja ulikuwa umekandwa kwa maji ya viazi, umeumuka usiku kucha. Bi Verna aliubonyeza kwa kidole, shimo likarudi juu lenyewe, akaingia nao ndani na tukasikia kabati la sahani likifunguliwa.

"Na huu mwingine?" alirudi kuuliza.

"Huo ni wa zamani. Nimeuoka makusudi. Kama utakuwa na nafasi, na ile nyundo."

"Sasa ukichanganya siku moja?" alisema Clete. "Ukawapa samaki ule laini, ukamletea Bi Verna jiwe?"

"Utajua," alisema Bi Verna. "Nitakutupia wewe."

Jioni tuliingia kwenye maji chini ya uzio, Orrin mbele, mimi nyuma yake upande wa kushoto nimwongoze penye mawe. Saa moja na dakika thelathini na moja chembe ya kwanza ilipita. Pua ikatokea. Orrin aliurusha mshipi nyuma, akauachia mbele, kama alivyofanya tangu ujana, na kile kitu cheupe kikatua katikati ya vyeupe vingine.

Nilifungua mdomo nimwambie kilipo. Wiki zote zile hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kushoto kidogo, sasa kwenye jiwe, sasa kimezama.

"Nyamaza, Karani," alisema. Alikuwa amegeuza uso kando, anautazama ukingo wa pili, kama mtu asiyejali. "Namwona."

Nzi alielea hatua tatu, nne. Kisha hakuwepo, na fimbo ikapinda.

Alikuwa trauti wa kahawia, inchi kumi na saba, mnene kupita kiasi. Orrin alimshika ndani ya maji, akamchomoa ndoana bila kumwinua, akampapasa tumbo kwa kidole gumba.

"Wewe," alimwambia, "ni chachu ya mke wangu," akafungua vidole.

Niliandika saa. Joto la maji. Kwenye safu ya wadudu, baada ya kufikiri, niliandika "mkate". Mwaka uliofuata, doa lilipokwisha kupanuka hata hakuweza kusoma herufi zangu kubwa, nililiandika neno hilo mara ishirini na sita.